Jani la Mchaichai na Jini ya Chupani

Je, uzuri wa namna ya kutenda jambo hubadili jambo lenyewe? Swali hili ni kongwe, nami nitalipima kwa kitu kidogo: glasi ya kinywaji.

Siku hizi vijana wetu wafanyao kazi Dar es Salaam, wanapokuja Chanzuru kwa sikukuu, hutuandalia kinywaji baridi kilichochanganywa nyumbani. Namna yake ni rahisi. Hupondwa mabua mawili ya mchaichai, huongezwa majani machache ya mrehani, maji ya ndimu moja na kijiko cha asali. Kisha humiminwa jini kidogo, maji na barafu. Jini hiyo (asishtuke mtu kwa jina) ni pombe kali iliyotiwa harufu ya matunda madogo ya mti wa ukoo mmoja na mtarakwa wa milimani kwetu. Kwa joto la Kilosa, glasi hiyo huburudisha kweli. Wazee husifu, wala hakuna aonaye haya.

Lakini jirani akionekana na chupa ya gongo, twamwita mlevi kabla hajaifungua.

Ubaguzi huu haukuanza leo. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1919 ulizuia kuingizwa Afrika kwa pombe kali za biashara, na kwa sehemu kubwa ya utawala wa Mwingereza katika Tanganyika, Mwafrika hakuruhusiwa pombe kali. Wakati huohuo bwana mkubwa aliketi barazani jioni, akachanganya jini yake na maji ya kwinini, akasema ni kinga ya malaria. Kimoja kiliitwa ulevi, kingine kikaitwa dawa.

Hata hivyo tuseme haki. Tofauti ya kweli ipo. Sheria ya mwaka 1966 ilitaka leseni kwa kupika gongo, na sababu haikuwa dharau tupu. Gongo halina kipimo. Mnywaji hajui ukali wake, na linaweza kuwa na sumu ya kupofusha macho na kuua. Chupa ya kiwandani huandikwa nguvu yake: Konyagi, kwa mfano, ni asilimia 35. Ukiacha usalama huo, mengi tunayoongeza ni majivuno ya glasi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tena gongo lina uungwana mmoja ambao glasi yetu haina: hujitangaza. Harufu yake humwonya mtu kutoka mlangoni. Mchaichai, ndimu na asali hufanya kinyume, huuficha ukali. Mgeni hudhani anakunywa sharubati, kumbe anakunywa pombe. Kwa hiyo uzuri haupunguzi wajibu wa mwenyeji, bali huuongeza.

Wajibu huo naona ni wa namna tatu. Kwanza, kusema. Meza zetu hukaliwa na Waislamu na Wakristo, dereva na mjamzito, mtu mwenye vidonge vya daktari na mtu aliyeacha pombe kwa taabu. Kumnywesha mtu asichokijua ni kumnyang'anya hiari yake, hata kama umetabasamu.

Pili, kupima. Mililita 30 za jini yenye asilimia 40 zina mililita 12 za kileo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Basi kipimo kimoja ni kama nusu ya bia. Anayemimina kwa macho huweza kutia vipimo vitatu, na mgeni akaondoka na bia moja na nusu ndani ya glasi moja.

Tatu, kutenga. Hapa mchaichai unatufundisha jambo. Kinachoburudisha ni jani, ndimu na barafu. Jini huleta kulewa tu. Ondoa jini, kiburudisho kinabaki. Hivyo glasi isiyo na pombe ipambwe sawasawa na nyingine, ikae mezani kwa heshima ileile, pasiwe na mtu wa kuulizwa kwa nini ameichagua.

Jibu langu, basi, ni kwamba uzuri haubadili jambo. Huonyesha tu kama mtendaji anamjali mwenzake, au anajipamba mwenyewe. Na yule anayekunywa mchaichai wenye jini asimcheke wa gongo; amsaidie kuepuka sumu, kisha ajipime na yeye.