Kivuli cha Fimbo na Yakini ya Mtoto

Ipo hofu moja inayowajia wazazi wacha Mungu walioazimia kuwafundisha watoto wao nyumbani, na aghalabu haisemwi kwa sauti, kwa kuchelea isidhaniwe kuwa ni upungufu wa imani: kwamba mtoto akizoezwa kulitazama kila jambo kwa macho yake na kulishika kwa mikono yake kabla ya kulikubali, siku moja ataingia na desturi hiyo hiyo katika mambo ya dini, atake kuonyeshwa yasiyoonyesheka, na akikosa kuonyeshwa ayaache. Hofu hii si ya kudharauliwa. Mtoto wa shule ana mwalimu wa dini na mwalimu wa sayansi, na hitilafu ya maneno yao, ikiwapo, huanguka katikati yao. Lakini mtoto wa nyumbani, awe Mombasa au Unguja, au kwa jamaa zetu waliohamia Uingereza na Marekani, humkuta mama yule yule aliyemwamsha kwa sala ya alfajiri ndiye anayemshikisha sumaku na vumbi la chuma saa nne ya asubuhi, na swali lolote litakalozuka baina ya mambo hayo mawili halina pa kwenda ila kwake.

Basi mzazi anayemwambia mwanawe, "Usinisadiki mimi tu, kapime mwenyewe," je, anamjenga au anambomoa? Mimi naamini kuwa anamjenga, tena anamjenga katika dini yake hasa. Lakini sitaki kulikata shauri hili kwa pupa, maana waliolijibu upesi, wa upande huu na wa upande ule, hawakulitendea insafu.

Nabii Ibrahimu, ambaye kisa chake chajulikana na kila mtoto wa chuoni, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowahuisha wafu. Akaulizwa kama haamini. Akajibu kuwa anaamini, ila ataka moyo wake upate utulivu. Wafasiri wamelieleza sana jibu hilo, nami si katika wao, lakini hata msomaji wa kawaida huona kwamba ombi lile halikukemewa, na kwamba jawabu lake halikuwa hoja wala waadhi, lilikuwa kazi ya mikono: aliamriwa atwae ndege wanne, awazoeze kwake, aweke sehemu yao juu ya kila mlima, kisha awaite. Yeye aliye na kudra ya kutia yakini katika moyo wa mja wake bila ya sababu yoyote, alichagua kumpitisha mja huyo katika kushika, na kupanda, na kuita, na kutazama. Kutaka kuona, basi, si lazima kutoke katika kukana. Kwaweza kutoka katika imani iliyo hai, inayotafuta kukaa mahali pake kwa raha.

Nitazame sasa somo moja ambalo halina gharama, na ambalo laweza kufanywa katika ua wowote wa pwani yetu. Fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja juu ya ardhi husimamishwa mahali palipo sawa, na wima wake huhakikishwa kwa timazi kama afanyavyo mwashi. Kisha huzungushiwa duara kwa uzi na kijiti, fimbo ikiwa ndiyo kitovu. Asubuhi kivuli ni kirefu na ncha yake iko nje ya duara. Kadiri jua linavyopanda ndivyo kinavyofupika, hata ncha ikagusa duara na kuingia ndani, na hapo mtoto huweka kijiwe cha kwanza. Alasiri kivuli hurefuka tena, ncha hutoka kwa upande wa pili, na hapo huwekwa kijiwe cha pili. Ukigawanya sawasawa nafasi iliyo baina ya vijiwe hivyo viwili, na kupiga mstari kutoka hapo hata kwenye fimbo, umepata kaskazini na kusini bila ya dira. Wanajimu wa Kiislamu wa kale waliitumia njia hii, nao waliiita duara ya Kihindi, wakikiri wazi kwamba wameipata kwa wengine. Kwa mtoto wa Unguja mstari huo una jambo la ziada, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini yetu kamili, hitilafu yake ikiwa kama digrii moja. Hivyo alichokichora kwa uzi mchangani ni njia ya kibla chake, na anaweza kwenda msikitini akatazame kama mihrabu inaafikiana na mstari wake.

Na kwa fimbo hiyo hiyo atazijua nyakati. Kivuli kinapofika ufupi wake wa mwisho ndiyo zawali. Kinapoanza tu kurefuka, Adhuhuri imeingia. Na kinapozidi kile cha zawali kwa urefu wa fimbo yenyewe, kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, Alasiri imeingia. Tarehe 21 Juni, Unguja, kivuli cha zawali cha fimbo ya mita moja ni sentimita 57 hivi, kikilalia kusini. Basi Alasiri ya siku hiyo ni kivuli cha sentimita 157. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, ipo siku ambayo fimbo haina kivuli kabisa adhuhuri, na mtoto aliyekizoea hukitafuta akazunguka pande zote asikione.

Imamu Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, alikuwa na la kusema juu ya kivuli hiki. Katika kitabu alichokiandika juu ya safari ya nafsi yake kutoka katika shaka, anajiuliza kama milango ya fahamu yaweza kuaminiwa, na mfano anaouchagua ni jicho linalokitazama kivuli: hukiona kimesimama, likahukumu kuwa hakiendi, kisha baada ya saa moja, kwa kujaribu na kuangalia, hujua kuwa kilikuwa kikienda wakati wote, kidogo kidogo, kisitulie hata mara moja. Wapo wanaotumia maneno haya ili kuwaonya watoto wasiyaamini macho yao. Naona wamekisoma kisa nusu. Jicho lilikosea, ni kweli. Lakini lililolirudi halikuwa kulifumba. Lilirudiwa na kuangalia kwa saa moja, yaani kwa subira, na kwa alama iliyowekwa chini ili kumbukumbu isidanganye. Ghazali mwenyewe alikaa karibu miezi miwili katika shaka kubwa, na anasema hakuponywa na hoja, aliponywa na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Lakini alipopona hakuwaamuru watu wakatae hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Kinyume chake aliwalaumu wale aliowaita marafiki wajinga wa dini, wadhanio kuwa wanaitetea kwa kuyakanusha mambo yaliyothibiti kwa burhani, na hivyo kumfanya mwenye elimu aidhanie dini kuwa imejengwa juu ya ujinga.

Abu Raihani al-Biruni, aliyemtangulia, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, na humo anamtaja mtu mmoja wa msikitini aliyekataa chombo cha kupimia nyakati za sala kwa sababu kilichorwa miezi ya Warumi; al-Biruni akamjibu kwamba Warumi hula chakula pia na hutembea masokoni, basi na ayaache hayo mawili vilevile. Jibu lake ni kali, lakini chini ya ukali huo pana huruma juu ya sala yenyewe, ambayo itasaliwa nje ya wakati wake kwa kuogopa herufi zilizochorwa juu ya shaba.

Kuna jambo katika somo la fimbo ambalo kwangu lina thamani kuliko kibla na nyakati, nalo hutokea pale mambo yasipolingana. Saa ya ukutani yasema saa sita kamili, na kivuli bado kinafupika. Mtoto humtazama mama yake kwa wasiwasi: "Mama, tumekosea?" Hapo ndipo mama hujulikana. Akiwa na haraka atasema kuwa fimbo imeinama, au atamwelekeza mwanawe aandike saa sita kwa kuwa ndivyo kila mtu ajuavyo. Akiwa mwaminifu atamwambia, "Andika ulichokiona, mwanangu, sababu tutaitafuta." Na sababu ipo: saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kwa mstari wa digrii 45, upitao karibu na Mogadishu, na jua lina dakika 4 za mwendo kwa kila digrii, ilhali Unguja iko katika digrii 39 na kidogo, kisha kwenda kwa dunia kulizunguka jua, pamoja na kulala kwa mhimili wake, huongeza au hupunguza, hata zawali ya Unguja ikaja kama dakika 7 baada ya saa sita mwanzoni mwa Novemba, na kama dakika 37 katikati ya Februari. Hakuna katika hayo ambalo mtoto angelifikia kama siku ile ya kwanza angaliandika uongo mdogo ili kumfurahisha mama yake.

Ndiyo maana sivipendi visanduku vya majaribio vinavyouzwa tayari, ambavyo jawabu lake limechapwa juu ya kifuniko. Humfundisha mtoto kulifukuzia jawabu, na rangi ya maji isipogeuka kama ilivyoahidiwa, huona haya kama aliyetenda dhambi. Fimbo haina kifuniko. Na mtoto aliyekwenda kucheza kidogo, akarudi akajaza kwa kukisia kipimo cha saa tano na nusu ambacho hakukipima, apate kuonywa kwa upole na kwa uzito, maana alilolivunja ni amana, nayo ni amana ile ile tunayoitaka kwake katika ushahidi na katika biashara.

Nimewashauri wazazi kadhaa wamgawie mtoto daftari lake sehemu tatu: niliyoyaona, niliyoyahesabu, na niliyoambiwa. Baada ya muda yeye mwenyewe hutambua kwamba sehemu ya tatu ndiyo inayojaa upesi. Kuwapo kwa Mogadishu ameambiwa. Umri wake ameambiwa. Hata kwamba huyu ni mama yake aliyemzaa, ameambiwa. Hapa ndipo hofu niliyoanza nayo inapopata jawabu lake, kwa kadiri nilivyoweza kulifikia. Mtoto asiyewahi kupima kitu hudhani kwamba wataalamu huona kila kitu na waumini husikia tu. Aliyepima ajua gharama ya kujua jambo moja tu kwa nafsi yake: siku nzima juani kwa ajili ya mstari mmoja. Kwa hiyo hujua pia thamani ya shahidi mkweli, na huwa na haki ya kuuliza, juu ya kila habari, imetoka kwa nani, na mtu huyo alikuwapo, na ni mkweli. Maswali haya si mageni kwetu. Ndiyo waliyoyauliza wataalamu wa hadithi, waliosafiri nchi na nchi kumchunguza msimulizi mmoja.

Ibn Tufaili, aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqzan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho watu, ambaye kwa kutazama na kujaribu peke yake, hata akampasua paa yule alipokufa ili ajue uhai ulikuwa umekaa wapi, alipanda daraja kwa daraja mpaka kumjua Muumba. Nakipenda kisa hiki, na napenda zaidi pale Hayy, baada ya kupata maarifa, anapowahudumia wanyama na mimea ya kisiwa chake. Wazazi wanaoruhusu watoto wapasue vyura kwa mchezo na wakisome tena. Lakini watoto wetu si Hayy. Wao wana baba, na mama, na binamu walio mbali.

Na kwa hao binamu somo la fimbo lakamilika. Tuseme mmoja yuko Unguja na mwingine Lamu, na kila mmoja ana fimbo ya mita moja. Tarehe 21 Juni wa Unguja atapata sentimita 57 na wa Lamu atapata 48. Wakivichora vivuli hivyo kwa vipimo vidogo katika karatasi na kuzisoma pembe kwa kipimapembe, wataona tofauti ya karibu digrii 4; na kwa kuwa Lamu imeipita Unguja kwa upande wa kaskazini kiasi cha kilomita 430, watapiga hesabu ya digrii 360 zote, na mzingo wa dunia watakaoupata hautakuwa mbali sana na kilomita 40,000. Hakuna hata mmoja wao aliyeviona vivuli vyote viwili. Nusu ya hesabu hiyo kubwa kila mmoja ameipokea kwa kumsadiki mwenzake, na kama mmoja alikisia, dunia ya wote wawili imeharibika.

Mwezi wa Desemba na warudie, bila ya kuambiwa mbele litakalotokea. Vivuli vitalalia kaskazini, na safari hii wa Unguja atapata sentimita 31 na wa Lamu 39, kile kilichokuwa kifupi kikiwa ndicho kirefu. Kila mmoja atadhani mwenzake amekosea, na pengine watagombana katika simu. Mama asiingilie kati upesi. Awape karatasi, awaache wachore jua mahali lilipo mwezi huo, na kila mmoja amuulize mwenziwe, kwa adabu, jinsi alivyopima.