Haya na Hofu ya Kukabili Watu

Ndugu yetu mmoja wa Mombasa, aliyesomea skuli bara, ametuletea swali. Wenziwe wa darasa wamemwalika wakutane Kithimani katika Machakos, kando ya njia itokayo Thika kwenda Garissa, huko walikosoma. Naye kila aikumbukapo siku hiyo moyo humwenda mbio, jasho likamtoka, na ulimi ukawa mzito. Auliza: je, kujitenga kwake si haya, na haya si katika imani?

Twasema: haya ni tawi la imani, na hadithi yake ni sahihi. Lakini haya humzuia mtu na baya. Huyu, alipofariki Muislamu mmoja katika wenziwe hao, hakulifuata jeneza wala hakutoa taazia, kwa kujua kuwa atawakuta wote pale. Limzuialo mtu na haki ya ndugu yake hatuwezi kuliita haya.

Wala hatuliiti upungufu wa imani. Na asomaye Sura Taha (20) na Shuaraa (26) aangalie vyema. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipoamrishwa amwendee Firauni, alikuwa akirudi kwa watu waliomlea na kuyajua aliyoyatenda. Aliomba akunjuliwe kifua, afunguliwe fundo la ulimi, na apewe nduguye Haruni awe pamoja naye. Na Firauni alianza kwa hayo hayo aliyoyachelea: alimkumbusha utoto wake, kisha kosa lake. Musa hakukemewa kwa hofu yake, alipewa alichokiomba; lakini safari hakusamehewa.

Wako watakaosema kuwa ana jini, akapungwe. Hao na wazihifadhi fedha zake. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi, akaihesabu hofu kuwa maradhi yenye dawa. Na matabibu wa leo humzoesha mgonjwa kidogo kidogo lile aliogopalo. Kumwendea tabibu si aibu.

Ama mwaliko wenyewe, si walima ya arusi hata iwe wajibu kuuitika. Akikaa kwake hana dhambi. Rai yetu ni kuwa aende, na awe na Haruni wake: mmoja katika wenziwe amwaminiye, wasafiri pamoja na wakae ubavu kwa ubavu, hata iwe saa moja tu.

Lawama zaidi twawatupia waalikao. Mikutano hii imegeuzwa mnada: nani ana gari, nani kajenga, nani yuko Ulaya. Mtu hajapewa hata kiti, aulizwa mbele ya kaumu afanya kazi gani siku hizi. Aliyefilisika atajibu nini? Na aliyeachika?

Tumemshauri aanze karibu kuliko Kithimani. Baba wa yule marehemu yu hai, nyumba yake iko Majengo. Siku za taazia zimepita, lakini kumzuru mzee hakuna muda wake. Aende baada ya alasiri, wakati barazani pana watu wachache.