Kosa Lililovaa Mavazi ya Zamani

Likizo iliyopita wajukuu walinionyesha filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Mambo yenyewe ni ya Unguja ya miaka ya 1950, zama za Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume mzee. Anamtoroka, anahifadhiwa na shoga yake Mwajuma kule Ng'ambo, kisha anampenda Denge, kijana wa siasa. Tuliitazama mimi, wajukuu, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye sasa naye ni bibi.

Filamu za namna hii zina hila, ingawa sidhani kama watengenezaji huikusudia. Yale mabaibui na zile taa za chemni hutunong'oneza kwamba kosa ni la watu wale wa kale. Wajukuu waliwalaani waliomwoza Yasmin, wakasema watu wa zamani hawakuwa na huruma. Nami nikaitikia, tena kwa sauti. Mpwa wangu hakusema neno.

Yafaa nikiri, ndugu msomaji. Mwaka 1989 mimi ndiye niliyemwoza mpwa wangu huyu. Kwetu Makondeni mtoto ni wa ukoo wa mama, na katika posa neno la mjomba lilikuwa zito kuliko la baba. Mwalimu mwenzangu alileta mshenga kwa heshima zote, na mahari haikuwa ya tamaa. Nilimwita binti barazani mbele ya wazee saba, nikamwambia, "Mwanangu, tumekupatia mwenzio. Wasemaje?" Akainama. Tukasema kimya ni jibu, tukanawa mikono tukala. Mavazi ya kale hayakuwapo: nilivaa suruali ya terilini na saa ya mkononi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotaka ridhaa ya hiari ya wote wawili, nilikuwa nikiwafundisha wanachuo wangu.

Ndoa ile haikuvunjika. Mume ni mtu mwema, wamezaa na kusomesha. Kwa miaka mingi nimejitetea kwa hayo, kama mwalimu wa hesabu anayetoa alama kwa jibu bila kutazama njia. Usiku ule, watoto walipolala, nilimwuliza mbona alinyamaza.

"Mjomba, sina ugomvi na mume wangu," akasema. "Ila wewe hukuniuliza, uliniarifu. Ungeniuliza tukiwa wawili, huenda ningekubali."

Hilo "huenda" limeninyima usingizi. Nikakumbuka Emma, kitabu cha Jane Austen cha mwaka 1815 ambacho nacho kimetengenezewa filamu za mavazi ya kale. Emma hamlazimishi mtu. Anamshauri tu rafiki yake Harriet amkatae mkulima anayempenda, na Harriet anafuata, kwa kuwa anayeshauri ni mkubwa kwake. Zamani nilidhani ni kichekesho.

Sisemi kila ushenga ni uovu. Waliojichagulia nao huumizana. Nimesuluhisha ndoa zao mara nyingi kuliko zilizopangwa na wazee. Tena desturi yetu ya mume kuhamia ukweni ilimpa mwanamke kinga aliyoikosa Yasmin: akidhulumiwa, mama yake yu jirani, hana haja ya kumtafuta Mwajuma. Lakini kinga hiyo huja baada ya ndoa. Mimi nilidaiwa swali la kabla yake.

Miezi miwili iliyopita ililetwa posa ya binti wa mwisho wa mpwa wangu. Mchumba ana duka mjini na gari. Wazee walikwisha keti barazani wakinisubiri mimi, mkubwa wa ukoo. Nikawaomba radhi, nikamchukua binti tukatembea hadi Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo bonde la Ruvuma huonekana chini. Tulikuwa wawili tu. Nikamwuliza, kisha nikajilazimisha kunyamaza. Alikaa kitambo kirefu akichuma majani.

"Hapana, babu," akasema. "Bado."

Tukarudi, nikawaambia washenga. Dada yangu hajazungumza nami tangu siku hiyo.