Kaseti ya Jirani: Je, Kunakili ni Kuiba?

Jumamosi moja hapa Wanyange, kijana wa kikundi chetu aliniuliza swali mbele ya wenzake wote: "Kaka, kwani sisi ni wezi?" Ana miaka kumi na minne. Hakuwa anatania.

Swali lilianza hivi. Tuna chumba cha kupanga, si mbali na barabara kuu ya kutoka Jinja kwenda Iganga. Ukipanda kilima kidogo unaliona ziwa lote. Vijana wanaokuja ni Wakongo, Wasudani Kusini wawili watatu, na Wasoga wenyeji, maana hapa hatuko kambini, tunaishi katikati ya watu. Asubuhi tunazungumza mambo ya maisha: pombe, mimba za mapema, uaminifu. Mchana wanacheza. Na mimi nawaambia wazi wafadhili na wazazi kwamba wengi wanakuja kwa sababu ya mchana.

Wanacheza kwa njia mbili. Kuna PlayStation 2 kuukuu tuliyonunua kwa mtu sokoni Jinja, tumeifunga kwenye televisheni yenye kichogo. Diski zake zimekwaruzika, unaifuta kwa fulana, unapuliza, unaomba Mungu. Halafu kuna simu. Ndani ya simu wameweka programu inayoitwa PPSSPP, ambayo inaigiza PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony iliyotoka Japani mwaka 2004. Kwa simu ya bei ndogo wanacheza mpira wa Pro Evolution Soccer, na majina ya wachezaji ni ya msimu huu, kwa sababu kuna vijana huko duniani wanaoufumua ule mchezo wa zamani na kuingiza timu mpya.

Basi siku hiyo tulitembelewa na mama mmoja wa shirika. Akawaangalia wanavyoshangilia, akacheka nao, akauliza: "Michezo hii mnanunua wapi?" Kijana mmoja akajibu kwa fahari: "Hatununui, mama. Tunarushiana." Yule mama akanigeukia, akasema kwa upole kabisa: "Asubuhi nimekusikia ukifundisha uaminifu. Sasa hii inakuwaje?" Sikuwa na jibu. Alipoondoka ndipo likaja lile swali la wezi.

Nimelibeba swali hilo kwa miezi. Naandika ninachoweza kusema sasa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: programu inayoigiza mashine, ambayo wenyewe wanaiita emuleta, na mchezo wenyewe. Sisi wakimbizi tunaweza kuielewa emuleta haraka kuliko watu wengine, kwa sababu emuleta ni mkalimani. Mchezo wa PSP uliandikwa kwa lugha ya PSP, na simu haiijui lugha hiyo. Emuleta inakaa katikati, inasikiliza amri moja moja, inaiambia simu: hapa anasema chora mtu, hapa anasema piga sauti. Kama ulishakaa mbele ya ofisa na mkalimani wako pembeni, unaijua kazi hiyo. Mkalimani hajaiba lugha ya mtu. Ameisoma, basi. PPSSPP ilianzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, inatolewa bure, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote. Hata kwenye mahakama jambo hili lilifika: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa dai la Sony dhidi ya kampuni ya Connectix, iliyokuwa imetengeneza programu ya kuigiza PlayStation kwenye kompyuta. Kwa hiyo mkalimani hana kosa.

Lakini karatasi unayompa mkalimani asome, umeitoa wapi? Hapo ndipo penye kazi. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Kunakili mchezo wa mtu bila ruhusa ni kuvunja haki yake. Sitaki kuwadanganya vijana kwamba sheria iko kimya. Haiko kimya. Na msifikiri kwamba wanaocheza kwenye mashine yenyewe wako safi kuliko wa simu. Mashine yetu ya PlayStation 2 ni halisi, ila diski karibu zote ni za kuchoma, tumezinunua mitaani kama mahindi.

Bon. Kuvunja haki ya mtu na kumwibia mtu, je, ni jambo moja? Nataka kujibu kama mtu aliyewahi kuiba.

Nilizaliwa upande wa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda. Jirani yetu alikuwa na mashine tuliyokuwa tunaiita Nintendo. Leo najua haikuwa Nintendo. Ilikuwa moja ya zile nakala zilizotapakaa dunia nzima, za kuiga Famicom, mashine iliyobuniwa na mhandisi Masayuki Uemura na kutolewa na Nintendo huko Japani mwaka 1983. Jirani aliiwasha kwa jenereta ndogo, watoto tukalipa tukacheza. Kaseti ilikuwa moja, ya njano. Imeandikwa namba kubwa ya michezo, maelfu, kumbe ni michezo michache inayojirudia kwa majina mengine. Hatukujali. Sisi tulitaka Contra.

Wanaoijua Contra wanakumbuka maporomoko ya maji. Watu wawili mnapanda pamoja, na kioo kinapanda na aliye juu. Aliye juu akikimbia sana, wa chini anabaki nje ya kioo na kufa. Mtoto wa jirani alikuwa na miaka miwili zaidi yangu, alikuwa fundi wa mchezo ule, na kila tukifika kwenye maporomoko alikuwa anasimama kuningoja. Aliniambia: "Panda pole pole, nipo."

Julai 2012 vita vya M23 vilifika Bunagana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi ya kukimbia, mama alinituma kwa jirani kuchukua jerikeni yetu. Mlango ulikuwa wazi, wenyewe wako nyuma ya nyumba wanafunga mizigo. Mashine ilikuwa juu ya meza na kaseti ndani yake. Nikaichomoa, nikaiweka ndani ya shati, nikabeba jerikeni, nikatoka. Hakuna aliyenituma wala sikuwa na njaa ya kaseti. Nilifikiri tu kwamba kila kitu kitaibwa, basi bora mimi.

Tulivuka mpaka kwa miguu hadi kituo cha Nyakabande, Kisoro. Siku ya tatu nikamwona mtoto wa jirani. Baba yake alikuwa ameibeba ile mashine ndani ya blanketi njia nzima, na maneti zake mbili. Aliona kwamba popote watakapopelekwa, itawapa pesa kidogo ya chumvi. Mtoto akaniuliza: "Kaseti hukuiona?" Nikasema sikuiona. Nilikuwa nimeilalia usiku huo huo.

Tukapelekwa Rwamwanja, sisi na wao. Kule yeye alikuwa na mashine bila kaseti, mimi kaseti bila mashine. Kwa miezi kadhaa tuliishi hivyo, mwendo wa dakika kumi kati ya turubai lao na letu. Mwishowe baba yake akaiuza mashine kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyetaka nyaya zake. Mwisho wa 2013, M23 iliposhindwa, wakarudi Kongo.

Sasa mtu atasema: kaseti yenyewe ilikuwa ya kughushi. Michezo yote ndani yake ilinakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Kwa hiyo wewe uliiba kilichoibwa, hesabu ni sifuri. Nimejaribu kujifariji hivyo, haikubali. Kwa kampuni ya Japani kaseti ile ilikuwa nakala ya haramu. Kwa jirani yangu ilikuwa chumvi, na kwa mtoto wake ilikuwa jioni zake. Nilipoichomoa, Japani hakuna aliyelala njaa. Aliyelala njaa alikuwa upande wa pili wa njia.

Kwa hiyo mizani yangu ya kwanza ni hii: nauliza ni mkono wa nani umebaki mtupu. Kijana wa Wanyange akimrushia mwenzake mchezo wa PSP, wote wawili wanabaki nao. Sony iliacha kuuza PSP kufikia 2014. Hakuna duka Jinja wala Mbale ambako ungekwenda na pesa yako halali kununua mchezo ule mpya kutoka kwa wenyewe. Na si hapa tu. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hii, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti kwamba kati ya michezo ya zamani iliyotoka kule Marekani, 87 kwa kila 100 haiuzwi tena. Bila wanaonakili, mingi ingekuwa imeshakufa pamoja na mashine zake. Sisi tunajua kitu kikibaki sehemu moja tu kinavyopotea. Nyumba ikichomwa, cheti cha shule kilichokuwa na kopi kwa shangazi ndicho kinachopona.

Lakini mizani hiyo peke yake haitoshi, na hapa yule mama ana haki. Wizi mwingine unaacha mkono mtupu ambao huuoni. Mwaka 2016 vijana wa Kameruni, Kiro'o Games, walitoa mchezo wao Aurion, uliotokana na hadithi na mila za Afrika. Ukiunakili mchezo wa watu kama hao wakati bado wanauuza, hakuna meza iliyoibwa kitu, ila kuna mtu amefanya kazi miaka na mshahara haukufika. Hata kijana wetu mmoja anayeshona viatu analijua hilo. Mteja akichukua viatu bila kulipa, ngozi si hasara kubwa. Hasara ni siku yake.

Kwa hiyo tulikaa na vijana, tukabishana jioni nzima umeme ukiwa umekatika. Umeme kukatika hapa ni kichekesho, bwawa la Jinja lilizinduliwa mwaka 1954 na tunaweza kulifikia kwa bodaboda. Tukakubaliana mambo matatu. Mchezo ambao bado unauzwa na wenyewe na tungeweza kuupata, hatuunakili, tunasubiri au tunachanga. Tulichonakili hatukiuzi, maana kutoza mtu kwa jasho la mwingine ni kitu kingine kabisa. Na kabla ya kucheza lazima ujue nani ametengeneza. Wameandika majina ukutani kwa chaki. Jina la Uemura lipo. Sisemi kwamba tumekuwa halali mbele ya sheria. Nimemwandikia yule mama haya yote, na sehemu ya diski za kuchoma nimemwachia aseme yeye.

Yule kijana akauliza tena: "Kwa hiyo si wezi?" Nikamwambia: "Mnadaiwa. Mtu anayedaiwa si lazima awe mwizi, lakini akisahau deni anakuwa."

Nilipomaliza kusema hivyo nilijisikia vibaya, kwa sababu ya kaseti.

Ninayo mpaka leo. Iko chini ya begi langu. Mwaka jana nilipakua Contra kwenye simu. Ni ileile, muziki uleule, maporomoko yaleyale. Tena emuleta inakuruhusu kuhifadhi mchezo mahali popote, ukifa unarudi sekunde kumi nyuma. Nikawaza: nikimpata yule rafiki nimrushie faili hii, dakika moja tu, deni limeisha. Atakuwa na kila kilichokuwa ndani ya kaseti, na zaidi.

Lakini sivyo. Faili ile naweza kumpa mtu yeyote na mimi nikabaki nayo, basi si malipo. Kurudisha ni mpaka mkono wangu mimi ubaki mtupu. Kaseti haina kazi tena. Sina mashine ya kuiingiza, na naye ya kwao iliuzwa. Hata hivyo ni yake. Na swali lake la Nyakabande nalo bado linangoja jibu la kweli, ambalo haliwezi kunakiliwa kutoka popote.

Bunagana ilitekwa tena Juni 2022, na watu wengi wakavuka tena. Huenda uko Kongo, huenda uko Nakivale au Rwamwanja, na jarida hili linafika huko. Kama baba yako alibeba mashine ndani ya blanketi la kijivu hadi Nyakabande, kaseti ni ya njano, pembe moja imeyeyuka kwa mshumaa, na unajua nani aliuangusha. Waulize wahariri, watakuonyesha nilipo. Uliniuliza kama niliiona. Niliiona.