Ndani ya Shingo ya Gudulia

Shika gudulia la maji, lile la udongo, lenye shingo nyembamba. Chungulia ndani.

Mjini Kairo, kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, vipo vipande vya magudulia vilivyofukuliwa Fustat, mji mkongwe wa Misri. Gudulia lenyewe limevunjika. Kilichobaki ni chujio: kisahani chenye matundu kilichokaa ndani ya shingo kuzuia wadudu.

Matundu tu yangetosha. Lakini mfinyanzi alichonga tausi. Alichonga samaki. Alichonga tembo. Alichonga hata maneno ya nasaha. Udongo mtupu, bila rangi, bila dhahabu. Na alichonga ndani, gizani, mahali mpita njia asipopaona.

Taa za misikiti za makumbusho hayo zinameremeta, nani asizipende? Ila mimi chujio hili ndilo linalonigusa zaidi. Lilikuwa chombo cha kila siku, cha mtu wa kawaida mwenye kiu.

Leo kazini kwako, fundi, mwalimu, mama lishe, ipo sehemu ambayo hakuna mkaguzi atakayeichungulia. Hapo utachonga nini?