Mungu Hana Broka

Mwaka ule nilipoacha chuo, mamangu alimtumia nabii mmoja shilingi 2,000 ili aniulizie kwa Mungu kusudi la maisha yangu. Mathe huuza mboga. Sukuma ya bei ya ishirini, hayo ni mafungu 100. Siku tatu baadaye jibu likaja: mimi ni tai, nitaruka juu ya mataifa. Wakati huo kazi yangu ilikuwa kuandika matangazo ya majiko ya gesi, kwa mtu ambaye alikuwa hanilipi.

Sikucheka. Nilitaka kuamini. Ukiacha chuo, kila anayekutana nawe anakuuliza, "Na sasa?" Neno kutoka juu lingenisaidia kujibu, hata kama limenunuliwa.

Lakini mbona tunaona rahisi kumtuma mtu kwa Mungu kuliko kwenda wenyewe? Nafikiri ni kwa sababu broka tumemzoea. Ukitaka nyumba, kazi, hata karatasi fulani isogee kwenye meza fulani, unatafuta mtu anayemjua mtu. Tukaamua mbinguni pia kuna foleni, na kuna mlango wa nyuma.

Mathayo anaeleza kwamba Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili, toka juu hadi chini. Patakatifu pa patakatifu paliingiwa na kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka. Ona lilivyoanza kupasuka: juu, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Aliyekuwa ndani ndiye aliyefungua. Na sisi tumeketi hapa nje tukilishona tena, tena kwa pesa zetu.

Sisemi wachungaji hawana kazi, wala kuombewa ni makosa. Mathe huniombea kila alfajiri, na hajawahi kunitajia namba ya M-Pesa. Anayekuombea anasimama kando yako. Broka anasimama katikati.

Sasa niseme ukweli ambao haunipendezi. Nilipoanza kuomba mwenyewe, kwa bedsita yangu, sikusikia kitu. Nilimsikia jirani akikaanga vitunguu. Broka alijibu kwa siku tatu, Mungu akanyamaza wiki nzima, na ya pili. Ndipo nikajiona: nilikuwa kama yule kijana wa mjini anayempigia mamake simu mwisho wa mwezi tu, salamu mbili halafu "nitumie kitu." Nilitaka ujumbe. Mwenye ujumbe sikuwa na haja naye.

Karne ya 17, huko Paris, kulikuwa na mtawa wa Wakarmeli anayejulikana kama Brother Lawrence. Alikuwa askari kabla ya kuingia utawani. Hakuwahi kuwa padri. Walimweka jikoni, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo, na baadaye akawa anatengeneza viatu vya watawa wenzake. Huko kwenye sufuria ndiko alikojizoesha kuongea na Mungu, mpaka akaona saa ya kazi na saa ya sala hazina tofauti. Alikufa mwaka 1691, na watu bado wanasoma barua zake.

Sikuambii uridhike na kazi isiyolipa. Mimi huyo wa majiko nilimwacha. Nasema tu kwamba ule unabii wa tai ulinifanya nidharau kila kitu kilichokuwa mbele yangu, kwa kuwa hakikufanana na mataifa. Siku hizi kusudi naliona kwa udogo: tangazo lisilomdanganya mnunuzi, Jumamosi ya kumsaidia mathe kufunga kibanda. Kubwa likija, litanikuta tukiongea.

Jumamosi iliyopita mathe aliniuliza, huku akikatakata sukuma ya mteja, "Na Mungu alishakuambia?"

"Bado, mum. Lakini tunaongea."

Kisu kikasimama kidogo. Sikuwahi kumwambia nilichofikiria kuhusu yule nabii. Pesa ilikuwa yake, na upendo ulikuwa wake.

"Mnaongea wenyewe?"

"Wenyewe."

Akaendelea kukata. Kisha, bila kuinua macho: "Basi muulize kama ile elfu mbili yangu ilimfikia."