Utabiri Unaotakiwa Usitimie

Kalenda ya mwaka uliopita inawekwa mezani, na mwanamke anapewa kalamu. Anaombwa atie alama kila siku anayokumbuka kupigwa, kisha aandike tarakimu kando yake: 1 kwa kusukumwa au kofi lisiloacha jeraha, hadi 5 kwa silaha iliyotumika. Tarehe anazipata kwa kukumbuka sikukuu, mwisho wa mwezi, au siku mtoto alipougua. Kati ya wanawake waliosema mwanzoni kwamba vipigo havijazidi, asilimia 38 walibadili jibu baada ya kuijaza kalenda hiyo.

Dodoso lenye kalenda hiyo, la kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzake, lilibuniwa mwaka 1985 na Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani. Leo lina maswali 20. Mwenzako ana bunduki? Amewahi kukukaba koo? Umemwacha katika mwaka uliopita baada ya kuishi pamoja? Kila jibu lina uzito wake, na swali la koo halipaswi kupitwa haraka. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 uligundua kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzake akanusurika, uwezekano wa kuja kuuawa naye uliongezeka zaidi ya mara saba. Tatizo ni kwamba kukabwa hakuonekani kirahisi. Katika mafaili 300 ya polisi yaliyochunguzwa San Diego, nusu ya wanawake hawakuwa na alama yoyote shingoni. Ndiyo maana askari au muuguzi anayefunzwa kulitumia dodoso hufundishwa kufunua kope na kutafuta vidoa vyekundu, kutazama nyuma ya masikio, kusikiliza kama sauti imekauka na kuuliza kama kumeza mate kunauma.

Hapo ndipo mwanateolojia anaponyoosha mkono. Binadamu ana hiari; anaweza kutubu usiku huu akaamka mtu mwingine. Kwa haki gani basi askari au muuguzi ajumlishe makosa ya mwaka jana, kisha amwandike mtu kuwa ni hatari kesho?

Swali hilo si la kupuuzwa, na jibu lake huenda liko katika kisa cha Nabii Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona. Alitumwa kuwaonya watu wa Ninawi kwamba mji wao utaangamia. Wakamsikiliza, wakageuka, mji ukapona. Katika Biblia, Yona anakasirika kama fundi aliyedhulumiwa ujira: amesema jambo mbele ya watu na halikutokea! Lakini onyo lililosikilizwa huishia hivyo, likaonekana kama lilikosea. Mpima hatari yumo katika hali hiyohiyo. Akisema hatari ni kubwa, mwanamke akahamishwa, bunduki ikachukuliwa na miaka ikapita salama, hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba angeuawa. Alichokisema hakikuwa hukumu ya roho ya mume. Kilikuwa maelezo ya hali ilivyo leo, ikiachwa iendelee.

Na toba je? Katika simulizi ya Ninawi, kilichotazamwa na Mungu ni matendo. Wanazuoni wa Kiislamu nao, panapoingia haki ya mja, hawaridhiki na majuto na azma ya kutorudia. Aliyedhulumiwa sharti arudishiwe haki yake au asamehe mwenyewe. Mume anayelia mbele ya sheikh au mchungaji huku bado ameishikilia simu ya mkewe na pesa zake, hajafika mbali.

Kwa Mtanzania hili liko karibu sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ukiacha hali chache za kipekee, inataka mgogoro upitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani, na mabaraza ya dini hufanya kazi hiyo pia. Mafunzo ya kupima hatari yakiishia kwa polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, yatakuwa yamemruka mtu anayemrudisha mwanamke nyumbani kwa nia njema kabisa. Msuluhishi naye ajue kwamba kipindi cha kuachana ndicho chenye hatari kubwa. Ajue pia kwamba kumuuliza mke mbele ya mumewe kama anapigwa ni kumlazimisha aseme uongo.

Ila kuwa na dodoso hakutoshi. Hispania ilianza mwaka 2007 kutumia mfumo wa kompyuta uitwao VioGén, ambapo polisi hujaza majibu na programu hutoa kiwango cha hatari. Askari anaruhusiwa kukipandisha. Hata hivyo, uchunguzi wa gazeti la New York Times mwaka 2024 ulionyesha kuwa askari waliukubali uamuzi wa mashine karibu mara 95 katika kila 100. Na katika mauaji 98 yaliyopitiwa na majaji, wanawake 55 walikuwa wamepewa kiwango cha hatari ndogo au cha kutokuwa na hatari kabisa. Hiari iliyotetewa kwa mume ilisahaulika kwa askari.

Campbell mwenyewe hakukusudia jumla ya alama izibe masikio. Mwanamke akisema “ataniua”, aaminiwe hata kama alama zake ni chache. Kinyume chake hakifuati: katika utafiti wake, karibu nusu ya waliouawa hawakuwa wametambua ukubwa wa hatari. Basi mwingine akisema “ana mdomo tu, hawezi”, anayemhoji hafungi faili. Anauliza tena, taratibu, ilikuwaje siku ile alipojaribu kuondoka.